Jina Lililokwama Kibua

Kazi ya kwanza ya Kanyere kila asubuhi ilikuwa kuosha jua. Ndivyo Plamedi, jirani na mwenzake wa darasani, alivyoiita kazi hiyo. Kanyere alipanda juu ya pipa tupu nyuma ya duka la baba yake, akakamua kitambaa, akafuta umande na masizi kwenye paneli iliyofungwa juu ya bati. Kibua iko ndani ya msitu, na ukungu wake hauna haraka ya kuondoka. Paneli ikibaki chafu, betri haijai. Betri isipojaa, kompyuta ya duka hulala kama mgonjwa, na siku hizo za vita watu wengi walikuwa wakiitegemea.

Baba yake, Papa Katembo, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo zamani, Kanyere akiwa bado mgongoni. Aliuza chumvi, sabuni, majembe na mawe ya redio, yaani betri ndogo. Kompyuta aliiweka chumba cha nyuma ili awatengenezee watu picha. Kisha vita vikaja, watu wakatawanyika. Wengine waliingia msituni wakarudi, wengine walipita mpaka Masisi wakaishia Kibabi, kwenye vibanda vya wakimbizi. Mnara wa simu nao ulinyamaza. Mama akiwa Kibua na mtoto wake Kibabi, angemsikiaje?

Papa Katembo akapata wazo. Mtu aliketi mbele ya kompyuta, akasema ujumbe wake, na kompyuta ikaunasa. Sauti zote za kwenda kwa watu wa Kibabi ziliwekwa pamoja katika kabati moja ndani ya mashine, kisha zikanakiliwa kwenye flashi. Michel, dereva wa pikipiki, aliibeba flashi hiyo mpaka Kibabi, na huko watu waliichomeka kwenye redio wakasikiliza. Watu waliziita barua za mdomo. Wengine walilia wakati wa kuzisema, wengine walikohoa tu mpaka nafasi yao ikaisha.

Kanyere alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya baba yake. Alijua kuandika jina la ujumbe, kuunasa na kuuhifadhi. Jambo hilo lilimpa kichwa kikubwa kidogo.

Jumamosi hiyo mtu wa kwanza kuingia alikuwa Koko Isidore, mzee mkulima ambaye ujanani alitega wanyama msituni. Koko ni babu, na pale Kibua kila mtoto alimwita hivyo. Binti yake Mamy alikuwa Kibabi. Michel alikuwa ameleta habari kwamba Mamy amejifungua mtoto wa kike, na mtoto hana jina.

"Wanamwita Bebe tu," Koko alisema huku akivua kofia. "Bebe si jina. Hata mutoto wa mbuzi ni bebe. Ile mutoto inangoja mimi."

Kanyere alifungua programu ya kunasia sauti, akaandika jina Mamy, akamsogezea mzee kipaza sauti. Koko alianza kusalimia. Alimsalimia Mamy, akamsalimia mumewe, akawasalimia wajukuu mmoja mmoja, na jirani aliyewapa mahali pa kulala, na kuku wa yule jirani pia, kwa sababu alisikia kwamba wanataga vizuri. Plamedi, aliyekuwa mlangoni akila muwa, alicheka mpaka akapaliwa.

Ghafla mzee alinyamaza, akamwashiria Kanyere asimamishe.

"Mukaaza, hapa njo kuna shida," alisema. Mukaaza ni mke wangu; ndivyo alivyomwita kila mtoto wa kike wa rika lile, kwa utani wa mababu. "Ninataka kumupa jina ya bibi yake, marehemu Joséphine-Marie. Lakini kwetu, jina ya mufu haitolewi na muntu moja. Lazima nimuulize dada yangu Augustine. Iko ng'ambo ya mto. Akikubali, ninarudi, ninamaliza."

"Basi nifunge, Koko? Ukirudi tutaanza upya."

Mzee alimtazama kama aliyetukanwa. "Ufunge? Nimesalimia, sijaaga. Ukimufunga muntu mudomo katikati, ile neno inabaki njiani. Hata kama ni neno ya mutoto mudogo. Acha wazi."

"Acha wazi, Kanyere," Papa Katembo alisema kutoka dukani. Yeye si mtu wa ukoo wa mzee, lakini alikuwa amekaa Kibua miaka ya kutosha kujua cha kuheshimu. "Mdomo wa Koko Isidore usifungwe."

Kwa hiyo Kanyere aliiacha programu imesimama, akaipunguza, ikashuka chini ya kioo isionekane. Koko akaondoka na fimbo yake.

Baadaye kidogo Papa Katembo alichukua kofia. Alikuwa anakwenda kwa Faustin, mwisho wa kijiji, kupima mpunga.

"Michel akija kabla sijarudi, mnakilie sauti zote kwenye flashi. Ukikwama, niite. Si mbali."

"Nikwame wapi, Papa?" Kanyere alisema. "Kazi hii naifanya nikiwa nimefumba macho."

"Usifumbe. Fungua yote mawili," baba alijibu, akaenda.

Michel alifika mapema kuliko siku nyingine, buti zake zimejaa matope. Hakukaa.

"Mutoto wa Katembo, flashi yangu iko tayari? Leo ninataka kupita baria ya Kashebere, kile kizuizi cha wenye bunduki, mbele ya saa sita. Mchana wale watu wanakuwa wamekwisha kunywa, na muntu mwenye amekunywa hana salamu."

"Keti, kaka Michel. Ni jambo la kukohoa mara moja."

Kanyere alichomeka flashi, akachukua kabati lote lililoandikwa Kibabi, akaliamuru linakiliwe. Mstari wa kijani ulianza kutambaa kwenye kioo. Majina ya jumbe yakapita kwa mpangilio wa alfabeti: Céline, Damascène, Élisabeth. Kisha mstari ukasimama. Kisanduku kikajitokeza na maneno ya Kifaransa.

Kanyere alisoma neno la kwanza tu: haiwezekani. Akabonyeza kitufe cha kujaribu tena. Kisanduku kilirudi. Akabonyeza tena. Kilirudi.

"Eh, fundi mukubwa," Plamedi alisema mlangoni, "mashini inakutolea ulimi?"

"Nyamaza! Kula muwa wako."

"Haitaki. Labda ina njaa. Nimupe kipande?"

Michel alicheka, akatazama jua. Kanyere alihisi masikio yanamchoma. Angeweza kumtuma Plamedi kwa Faustin, baba angefika kabla chai haijachemka. Lakini alikuwa amesema anaifanya amefumba macho, na aliyesema hivyo mbele ya watu hapendi kuonekana akipapasa. Akabonyeza kitufe cha mwisho, kile cha kughairi, na kisanduku kikatoweka. Kwenye flashi aliona kabati lina jina lake, Kibabi, limekaa vizuri. Ndani hakuangalia. Alijua akiangalia ataona.

Akachomoa flashi.

"Imeisha?" Michel aliuliza.

"Imeisha, kaka."

Michel aliitia kwenye mfuko mdogo alioning'iniza shingoni, akavuka barabara kwenda kwa Mama Céline kula wali na maharagwe kabla ya safari. Pikipiki yake ilibaki imeegemea ukuta. Kanyere alianza kupanga miche ya sabuni ambayo ilikuwa imepangwa tayari.

Haukupita muda mrefu, Koko Isidore akatokea. Alikuwa ameloa mpaka kiunoni kwa kuvuka mto, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeuza vizuri.

"Amekubali!" alisema akiwa bado nje. "Mwanzo alisema hapana, kwa sababu dada yangu hajui kuanza na ndiyo. Kisha akalia, akasema apewe. Alipoacha kulia, akanipa ndizi za kula njiani. Mukaaza, mudomo wangu uko wazi bado?"

Kanyere alitazama kioo. Chini kabisa, programu ilikuwa pale pale alipoiacha.

"Uko wazi, Koko."

"Basi nimalizie. Nimeona pikipiki ya Michel. Jina ya mutoto itaenda leo."

Kanyere aliketi, lakini mkono wake haukutembea. Flashi ilikuwa shingoni mwa Michel, na ndani yake ujumbe wa Mamy haukuwamo. Wala wa Philippe, wala wa Valentin, wala wa mtu yeyote aliyekuja baada ya pale mstari uliposimama. Akinyamaza, mzee atasema jina lake, ataaga, atakwenda nyumbani akiwa na furaha. Michel ataondoka. Huko Kibabi Mamy atakaa karibu na redio mpaka mwisho, na mwisho utakuja bila baba yake. Nani atajua ni kosa la nani? Watasema ni redio. Watasema ni mvua. Na kwa jinsi barabara ilivyokuwa, Michel huenda asirudi mpaka mtoto aote meno.

Mzee alikuwa amekwisha kuinamia kipaza sauti, akijisafisha koo.

"Koko," Kanyere alisema, na sauti yake ilitoka ndogo. "Nimesema uongo."

"Uongo gani?"

"Nimemwambia Michel zote zimeingia. Hazikuingia. Mashini ilikwama katikati, nikaona haya."

Koko hakugomba. Alitazama mlango, akatazama barabara, akamtazama mtoto. "Pikipiki bado iko," alisema. "Miguu yako iko kazi gani?"

Kanyere aliruka. "Plamedi, kimbia kwa Faustin umwite Papa! Mwambie nimekwama!" Yeye mwenyewe akavuka barabara. Kwa Mama Céline palikuwa na watu, na hapo ndipo alipoona kukiri ni kugumu. Akasimama mbele ya meza.

"Kaka Michel, nisamehe. Nilikudanganya. Flashi haijajaa."

Watu waligeuka. Michel aliweka kijiko chini. "Haijajaa? Sasa ningefika kule, ningewaambia nini? Wale wamama wananishika koti, si wewe!" Alinung'unika, akavua mfuko shingoni. "Nitakunywa chai. Chai ikiisha, ninaondoka na kile kilichomo. Mama Céline, usinipe ya moto sana."

"Nitakupa ya moto kabisa," Mama Céline alisema, akamkonyeza Kanyere.

Papa Katembo alimkuta binti yake amekwisha kuchomeka flashi tena. Alikuwa anahema, vumbi la mpunga limemganda mikononi. Kanyere alimweleza yote bila kuficha kitu: alivyojaribu, alivyoghairi, alivyosema imeisha.

"Uongo tutauzungumza," baba alisema. "Kwanza kazi. Mashini ilikuambia nini?"

"Ilisema haiwezekani."

"Na baada ya hapo?"

Kanyere aliinamisha kichwa. "Sikusoma."

Wakaanza kunakili upya. Céline, Damascène, Élisabeth, kisha kisanduku kile kile. Safari hii Kanyere alisoma kwa sauti mpaka nukta ya mwisho, akifasiri polepole: haiwezekani kunakili faili hii kwa sababu imefunguliwa na programu nyingine; ifunge, kisha ujaribu tena. Jina la faili lilikuwa journal.

"Si sauti ya mtu," Kanyere alisema. "Hakuna mtu anayeitwa hivyo."

"Hiyo mashini inaiandika yenyewe," baba alieleza. "Programu ya kunasa inaweka kumbukumbu ya kila inachofanya: nimefunguliwa, nimesimamishwa, nimeendelea. Wakati inaandika, haimruhusu mtu mwingine kuishika. Sasa jiulize, ni nani amefungua programu ile?"

Kanyere alitazama chini ya kioo, kisha akamtazama Koko Isidore.

"Ni mdomo wa Koko!"

"Mudomo wangu?" Mzee alishtuka. "Mudomo wangu njo umefunga barabara?"

"Si kosa lako, Koko. Uliniambia niache wazi, nikaacha. Wazi ndiyo iliyoshika."

"Basi tusiufunge kwa nguvu," Papa Katembo alisema. "Tumwache amalize. Koko, chai ya Michel inapoa. Tunakuomba usisalimie kuku tena."

Koko alicheka, akainama. Alisema polepole, kila neno mahali pake: kwamba shangazi Augustine amekubali, kwamba marehemu hakuwa mtu wa kelele ila alipenda watoto wa watu wote, na kwamba kuanzia leo mtoto ni Joséphine-Marie. Alilirudia jina hilo ili redio mbovu isipate kisingizio. Kisha akaaga, akasogea nyuma.

"Sasa funga. Nimemaliza."

Kanyere aliuhifadhi ujumbe, akafunga programu, akanakili tena. Mstari ulitambaa, ukafika pale pale, ukasimama. Kisanduku kikarudi.

"Mungu wangu," Plamedi alisema kwa sauti ya chini. Safari hii hakutania.

Papa Katembo alisugua kidevu. "Hapa ningezima mashini niiwashe tena, kila kitu kijiachilie. Lakini tazama betri. Leo mawingu. Tukiizima inaweza isiamke."

Nje mtu alikohoa. Michel alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

Kanyere hakutazama kikombe. Alisoma kisanduku tena, mpaka chini. Karibu na saa, pembeni ya kioo, aliona alama ndogo ya kipaza sauti. Programu ilikuwa imefunga dirisha lakini haijatoka nyumbani. Alijaribu kuifukuza, ikakaa. Akarudi kwenye vitufe. Kulikuwa na vitatu: kujaribu tena, kuruka, kughairi. Mara ya kwanza alikuwa ametumia cha kwanza na cha mwisho. Cha katikati hakukigusa.

"Papa, hiki kinasema turuke hii moja tu. Nyingine zitaendelea. Nilipoghairi, niliziacha zote."

"Na hiyo tunayoiruka, una hakika hakuna sauti ya mtu ndani?"

Kanyere hakusema ndiyo. Alishika adabu aliyojifunza saa ile. Akaifungua faili ile kwa kuisoma tu, na kompyuta ikamruhusu. Ndani mlikuwa na mistari mingi mikavu: imefunguliwa, imesimamishwa, imeendelea, imehifadhiwa. Hapakuwa na salamu hata moja.

"Ni mashini inajisemea peke yake," alisema. "Mamy hana haja nayo."

"Ruka."

Akabonyeza. Mstari wa kijani ulishtuka kama mtu aliyeamshwa, ukaendelea: Mamy, Philippe, Valentin. Ukafika mwisho, ukatoweka.

"Imeisha?" Michel aliuliza.

"Bado, kaka." Kanyere alichomoa flashi, akaichomeka kwenye redio ya dukani, akazungusha mpaka ujumbe wa Mamy. Chumba kizima kikasikia Koko Isidore akiwasalimia kuku wa Kibabi, na mwishoni, wazi kabisa, jina. Mzee mwenyewe alivua kofia kuisikiliza sauti yake. Kanyere akasikiliza na wa Philippe, na wa Valentin, mianzo yao tu. Ndipo akampa Michel flashi.

"Sasa imeisha."

Michel aliitia shingoni, akamrudishia Mama Céline kikombe kwa kupaza sauti kwamba chai yake inaunguza kama dhambi, akapiga pikipiki teke. Matope yakaruka, akapotea kwenye kona ya barabara ya Kashebere. Jua lilikuwa halijafika katikati.

Papa Katembo aliketi kwenye gunia la chumvi, akamwita binti yake.

"Kanyere, leo mashini imekwama. Hiyo si aibu. Mimi mwenyewe sikujua pa kutokea, umeona. Lakini mashini ilipokwama ilisema: nimekwama, na sababu ni hii. Wewe ulipokwama ulisema imeisha. Kati yenu wawili, nani aliyeharibu kazi?"

"Mimi, Papa."

"Ungesema nimekwama, ningekuja. Kukwama kunatengenezwa. Ila ukisema imeisha, nani atakuja kutengeneza kitu kilichoisha? Ndiyo maana watu husema njia ya mwongo ni fupi."

"Ya leo ilikuwa fupi kabisa," Plamedi alisema. "Kutoka hapa hadi kwa Mama Céline."

Walicheka wote, hata Kanyere, ingawa macho yake yalikuwa na maji.

Koko Isidore alikuwa akimenya ndizi ya dada yake. "Mimi nilitega mitego myingi," alisema. "Kamba ikikataa kutoka, kijana mwenye haraka anakata. Anapata kamba mufupi na hana nyama. Mwenye akili anafuata kamba na mukono mpaka anakuta kitu chenye kimeishika. Na akiogopa kuingia kichakani peke yake, anaita wenzake. Hakuna mwenye alikufa kwa sababu ya kuita." Akampa Kanyere nusu ya ndizi. "Kula, mukaaza. Ulinyanyuka ukaenda kusema mbele ya watu. Hiyo pia nimeiona."

Mvua za msimu huo zilikuwa zimekaribia kwisha Michel aliporudi na flashi kutoka Kibabi. Kanyere aliichomeka, akangoja mstari ufike mwisho. Koko alikuwa amekaa pembeni, fimbo katikati ya magoti, hawezi kutulia.

"Imeisha?" aliuliza.

"Ngoja kwanza tusikie, Koko."

Akaweka sauti. Mamy alisalimia Kibua yote, akamshukuru baba yake na shangazi Augustine. Kisha akasema, "Papa, nimelitaja jina mbele ya watu. Huyu hapa mwenyewe anakuitikia." Mara sauti ya mtoto mchanga ikalia kwa nguvu, ikajaa duka lote mpaka barabarani.

"Joséphine-Marie," Koko Isidore aliiambia kompyuta. "Karibu."

Kanyere alichomoa flashi, akageuka kwa baba yake.

"Papa, sasa imeisha."